Kwenda Kuliona Jumba la Vitimbi, Nairobi: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu Jumamosi ile niliyokwenda Barabara ya Harry Thuku, wanafunzi wenzangu kutoka Tanzania, Burundi na Kongo hawaachi kuniuliza maswali. Wengine wanataka kwenda wenyewe. Wengine wanataka tu kujua kama ni kweli nilitoa siku nzima kwa ajili ya Vitimbi, kipindi cha zamani cha vichekesho cha runinga ya Kenya. Nimejibu kwa simu, nimejibu kwenye foleni ya chakula bwenini, na sasa naandika yote mahali pamoja.

Kwa nini Vitimbi? Mbona hukuchagua tamthilia ya siku hizi?

Nimezaliwa Rombo, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, ambako ukisimama shambani jioni unaona taa za Kenya kule chini. Kwa babu kulikuwa na TV ndogo ya chogo iliyowashwa kwa betri ya gari, na antena iliyofungwa juu ya mti mrefu uliochimbiwa kando ya jiko. Matangazo ya Kenya yalishika vizuri kuliko ya kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuukumbatia ule mti na kuuzungusha huku binamu yangu akipiga kelele dirishani: "Bado... bado... rudisha kidogo... hapo hapo, usiguse!"

Kisha nakimbilia ndani, na Mzee Ojwang', yule mzee wa Vitimbi, ameshaanza kugombana na mkewe Mama Kayai.

Betri ikianza kuchoka, picha ilikuwa inajikunja kutoka pembeni. Giza linaingia kulia na kushoto, uso wa Ojwang' unazidi kuwa mdogo katikati ya kioo, na babu anasogeza kigoda mbele mpaka magoti yanagusa meza. Hakuna aliyethubutu kusema tuzime. Tuliangalia mpaka ikabaki sauti peke yake, na mara nyingine sauti ilitosha.

Babu ni mkulima wa kahawa na migomba. Alisoma mpaka darasa la nne. Kiswahili chake cha utani chote, yale maneno anayotumia kumtuliza mtu aliyekasirika, nusu yake yametoka kwenye kile kipindi. Nilipopata nafasi ya kusoma Nairobi hakuniambia habari za kusoma kwa bidii, hayo aliyaacha kwa mama. Aliniambia: "Ukifika, nenda kaone pale wanapochezea Ojwang' na wenzake. Uniambie pakoje." Mwaka wa kwanza ukaisha sijaenda. Kila nilipopiga simu aliniuliza.

Kwa hiyo Vitimbi ilipigwa wapi?

Ni kipindi cha KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya, na makao makuu ya KBC yako Barabara ya Harry Thuku, katikati ya jiji, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wengi wa kigeni wanapita pale kila wiki na hawajui wamepita wapi.

Wazee wetu wanalijua shirika hilo kwa jina la VoK, yaani Sauti ya Kenya. Lilichukua jina hilo mwaka 1964, likarudia jina la KBC mwaka 1989. Ukimsikia mtu wa Rombo, Taveta au Namanga anasema "nilisikia VoK", ujue amekula chumvi.

Vitimbi na Vioja Mahakamani ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa watu wanavichanganya kwa sababu vyote ni vya KBC, vyote ni vya Kiswahili, na baadhi ya waigizaji walikuwa wanaonekana huku na kule. Vioja Mahakamani ni mahakama: hakimu, mwendesha mashtaka, mshtakiwa kizimbani na kesi inayokwenda kombo. Humo ndimo walimovuma kina Makokha na Ondiek Nyuka Kwota. Kinachekesha, lakini ukikifuatilia unajifunza mambo ya sheria bila kujua kwamba unafundishwa. Babu alijua maana ya dhamana na kifungo cha nje kupitia pale, na siku jirani yetu aliposhtakiwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, babu ndiye aliyemweleza cha kutarajia.

Vitimbi ni nyumbani: mzee, mkewe, majirani, deni dukani, mgeni asiyeaga. Mimi nakipenda zaidi Vitimbi kwa sababu kesi zake haziishi kwa hukumu. Watu wanagombana, wanalala, asubuhi wanakunywa chai pamoja.

Ni kweli Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo?

Ni kweli. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Ile lafudhi ya Kijaluo aliyoivaa kama koti lake la kila siku ilikuwa kazi ya msanii. Nilipomwambia babu alinyamaza kwenye simu, nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema: "Basi alikuwa fundi kuliko nilivyofikiri."

Siku za mwisho macho yalimsumbua sana, na Wakenya wakamchangia fedha za matibabu. Alifariki Julai 2015. Babu alisikia habari redioni. Jioni ile hakuingia ndani kuangalia TV, alikaa nje kwenye benchi mpaka umande ukaanza kushuka, na bibi akampelekea koti bila kusema neno. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, ndiye aliyekuwa mke wake kwenye kipindi, na nyumbani kwetu mpaka leo mwanamke asiyekubali kuonewa anaitwa Mama Kayai. Mama yangu ni mmoja wao.

Nifikeje?

Inategemea unakaa wapi. Mimi nakaa Roysambu, kwa hiyo napanda matatu ya Barabara ya Thika kuja mjini. Hapa hawasemi "mjini", wanasema "tao". Kituo ni "steji", na kondakta ni "makanga" au "konda". Siku ile nililipa shilingi 70 asubuhi na 50 kurudi. Nauli inapanda kukiwa na foleni ya magari na inapanda maradufu mvua ikianza, kwa hiyo usibebe hesabu kamili.

Jambo moja la kujiandaa nalo. Gari nililopanda lilitakiwa kutufikisha katikati ya jiji, lakini tulipofika Ngara konda akagonga bodi mara mbili akasema linageuzia hapo. "Mshuke, tao ni hapo tu." Hakuna aliyerudishiwa hata shilingi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa viazi alibaki amesimama kando ya barabara anatafuta pa kuvukia. Jambo hili liliniudhi, na bado linaniudhi, kwa sababu aliyelipa nauli ya kufika anastahili kufika. Muulize konda kabla hujapanda: "Inafika tao au inageuzia Ngara?" Akisitasita, subiri gari lingine.

Nilimsaidia yule mama kubeba viazi mpaka tukavuka. Kutoka Ngara unateremka hadi mzunguko wa Globe, unavuka Mto Nairobi, unapandisha kuelekea University Way, na Harry Thuku inatokea hapo. Ukishukia upande wa Odeon au Khoja, njia ni fupi zaidi. Unaweza kukatiza Bustani za Jeevanjee, zile ambazo A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, ukapumzika kwenye benchi na kusikiliza wahubiri.

Simu yako iweke ndani. Usiishike dirishani kwenye matatu, na pale Globe usitembee huku unasoma ramani. Ukipotea, ingia dukani uulize.

Nikifika kuna nini cha kuona? Si ni ukuta tu?

Wengi mnauliza hili kwa sauti ya mtu anayetaka kuniokoa. Jengo la utangazaji kwa nje ni jengo la utangazaji: ukuta, geti, walinzi. Ukienda ukitegemea kuona kile kibaraza cha Ojwang' kimewekwa kamba na maandishi ya dhahabu, utarudi na huzuni. Ila barabara yenyewe ni fupi na imejaa, na nadhani ndiyo barabara yenye mambo mengi zaidi kwa kila hatua hapa Nairobi.

Anza na jina. Harry Thuku alikuwa kijana aliyewakusanya wafanyakazi wa Kiafrika kupinga kodi na kipande, kile kitambulisho walicholazimishwa kubeba. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 mwezi huo umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungwa, jirani na hapa, ukidai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru ndiye aliyewachochea wanaume waliotaka kurudi nyuma. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliokufa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21. Walioshuhudia walisema ni wengi zaidi.

Ng'ambo ya pale kuna Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa Krismasi ya 1904 kwa ajili ya walowezi. Mimi nilisimama nje yake kwa muda mrefu, nikawaza wale watu wa 1922 waliokuwa na njaa na hasira, na wenye vibaraza wakiwaangalia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980 hoteli hiyo ililipuliwa kwa bomu, watu wakafa wakiwa kwenye karamu ya mwaka mpya.

Inayotazamana na hoteli ni Jumba la Taifa la Sanaa za Maonyesho, ambalo watu wanaliita National Theatre, lililofunguliwa 1952. Hapa nawaomba msipite haraka. Jumamosi ile kulikuwa na vijana wanafanya mazoezi ya mchezo nje, kwenye majani. Msichana mmoja alikuwa ameshika rula ya mbao badala ya panga. Kila akifika kwenye neno fulani aliangalia chini, na mwelekezi, kijana asiyemzidi umri, alikuwa anamwambia kwa upole: "Rudia. Hujamtazama." Akarudia. "Bado hujamtazama." Alirudia mara saba, nilihesabu. Mara ya nane aliinua macho, akamtazama mwenzake, na yule mwenzake akarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa. Wote wakanyamaza. Hata mimi niliyekuwa nje ya mchezo nilihisi kitu kifuani. Nikajua kwamba Ojwang' na Mama Kayai nao waliwahi kusimama mahali wakaambiwa rudia, na kwamba kicheko chetu kule Rombo kilitoka kwenye marudio ya namna hiyo.

Halafu kuna Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya 1970 hakikuwa chuo cha Kenya peke yake: tangu 1963 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja. Mtanzania kusoma Nairobi halikuwa jambo la kuelezea mtu. Kila nikijaza fomu yenye neno "mgeni" nakumbuka hilo.

Na KBC yenyewe?

Iko mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo.

Kama unashangaa kwa nini ulinzi ni mkali, kumbuka tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi, na mahali pa kwanza walipotaka ni redio. Walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imeanguka. Siku hiyohiyo majeshi yaliyo upande wa serikali yakakirudisha kituo. Mbotela, ambaye babu alimjua kwa mpira na kwa kile kipindi chake cha adabu, Je, Huu ni Ungwana?, aliishi miaka mingi baada ya hapo na akafariki Februari 2025. Sauti yake ilipita kwenye jengo hilihili ninaloenda kulitazama kwa sababu ya vichekesho.

Naweza kuingia ndani?

Si kwa kutokea tu. Niliambiwa getini kwamba niandike barua, ipitie chuoni kwangu, ieleze mimi ni nani, nasoma nini na nataka kuona nini, na tukiwa kikundi ni rahisi kupangiwa siku ya kazi. Jumamosi si siku ya wageni. Kama unasoma uandishi wa habari, filamu au Kiswahili, idara yako inaweza kuwa na mtu anayemjua mtu. Anzia hapo.

Na kupiga picha?

Usipige picha geti, walinzi, wala majengo ya polisi yaliyo jirani bila kuomba. Omba kwa heshima, na ukiambiwa hapana, shukuru uendelee. Mimi nilipiga kibao cha jina la barabara na kivuli changu chini yake, na hiyo ndiyo picha iliyo ukutani kwa babu sasa. Anayetaka kurekodi filamu au video ya kuuza, hilo ni suala la leseni. Kenya ina sheria ya filamu na maigizo, Sura ya 222, na bodi inayoisimamia.

Ilikuwaje getini? Tumesikia ulimpigia babu simu.

Nilimpigia.

Nilimsogelea askari, mtu mzima mwenye mvi masikioni, nikamwambia: "Shikamoo baba." Aliganda. Halafu uso wote ukafunguka. "Marahabaaa! Wewe ni wa Tanzania!" Akaniambia ana miaka hajasikia kijana akimwamkia hivyo kazini. Nikamweleza kilichonileta: nimetumwa na babu yangu nije kuona wanapochezea Vitimbi. Hakucheka kwa dharau. Alinieleza habari ya barua kama nilivyoandika hapo juu, kisha akasema naweza kusimama upande ule wa barabara, kwenye kivuli, hakuna atakayenisumbua.

Nikavuka. Nikapiga simu. Babu akapokea kabla haijaita mara mbili, bila shaka alikuwa ameiweka mfukoni tangu asubuhi.

"Umefika?"

"Nimefika babu. Niko ng'ambo ya geti."

"Unaona nini?"

Nikamweleza yote. Miti. Ukuta. Magari yanayoingia na kutoka. Mwanamke aliyevaa suti ya kijani aliyetoka anakimbia huku ameshika viatu mkononi, labda amechelewa mahali. Babu alikuwa anasema "enhe, enhe" kama anayeandika. Kisha akauliza kama kuna mtu pale aliyewahi kumwona Ojwang' kwa macho yake.

Nikarudi kwa askari nikamuuliza. Akasema anataka kuongea na mzee mwenyewe. Nikaweka spika, na kabla askari hajamaliza kusema "habari yako mzee wangu", babu, kutoka chini ya migomba yake huko Rombo, akaita kwa ile sauti, lafudhi ile ile, pumzi ile ile:

"Mama Kayai!"

Askari alivua kofia. Akainama, mkono mmoja kwenye goti, mabega yanatikisika, hana sauti. Alipoinuka alifuta macho kwa ile kofia. Mwenzake akatoka kwenye kibanda kuuliza kuna nini. Wakaanza, babu na yule askari, kukumbushana: Ojwang' na miwani yake, na wenzake kina Masanduku na Mogaka. Watu wawili wasiofahamiana, mmoja Mkenya mmoja Mchaga, wanamaliziana sentensi. Salio langu lilikuwa linaisha na sikutaka kusema.

Likaisha. Simu ikakata katikati ya jina la mtu. Askari akanirudishia simu kwa mikono miwili, akaniambia: "Umwambie mzee, yule tulimpenda sana hapa." Sikuuliza kama aliwahi kumwona. Nilisahau, na babu hakuuliza tena.

Kiswahili chetu kinaeleweka Nairobi?

Kinaeleweka na kinapendwa, ingawa mara ya kwanza utadhani unachekwa. Watakwambia "Kiswahili chako ni tamu". Ni sifa hiyo, ipokee. Sheng utaishika taratibu, na hakuna anayekulazimisha. Nilichojifunza ni kutoacha adabu zangu kwa sababu wengine hawazitumii. Shikamoo ndiyo iliyonifungulia lile geti, ingawa sikuingia ndani. Kwa vijana wenzako "sasa" au "niaje" inatosha. Kwa mama wa kibandani, "mama" au "mathe".

Angalia maneno machache. Ukiagiza "chai" Nairobi utaletewa ya maziwa. Ukitaka chai ya rangi sema "turungi". Na ukimwambia muuzaji "naomba" anaweza kudhani huna hela, kwa hiyo sema "nisaidie na chapati mbili".

Nile nini?

Chapati na maharagwe. Wenyewe wanaita chapo madondo, na vibanda vya upande wa Ngara wanavipika vizuri. Nilikula kwa shilingi 120, nikaongezewa mchuzi bila kuomba. Chai ya Norfolk si ya mfuko wa mwanafunzi.

Siku nzima iligharimu kiasi gani?

Nauli 120, chakula 120, maji 50, salio la kumpigia babu 200. Jumla shilingi 490 za Kenya, ambazo wakati ule zilikuwa karibu na elfu kumi za kwetu. Salio ndilo lililokula zaidi. Ningeweza kupiga kwa intaneti bure, lakini babu ana simu ya tochi.

Mwanafunzi wa kigeni abebe karatasi gani?

Kitambulisho cha chuo na nakala ya pasipoti. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaingia bila viza, lakini kusoma kunataka pasi ya mwanafunzi kutoka Uhamiaji, zile ofisi za Nyayo House. Ukiwa nayo, weka picha yake kwenye simu. Mimi sikuulizwa siku ile. Rafiki yangu Mrundi aliulizwa siku nyingine akiwa barabara hiyohiyo, akaonyesha, akaambiwa safari njema.

Mbona hukwenda kuona ilikopigwa ile tamthilia ya Marekani yenye dereva wa matatu?

Mnasema Sense8, iliyotoka 2015, ile matatu iliyopewa jina la kumsifu Van Damme. Niliipenda pia. Sehemu zake za Nairobi zilipigwa hapahapa, na Mjerumani Tom Tykwer alihusika kuzielekeza. Nakubali kwamba kumwona dereva wa matatu wa Nairobi akiwa shujaa mbele ya dunia nzima lilikuwa jambo kubwa.

Ila mnaposema "twende Kibera tukaone", nasita. Kibera ni makazi ya watu. Mtu anafua, anapika, anamwogesha mtoto, na wewe unapita na simu ukitafuta kona uliyoiona kwenye kioo. Kama una rafiki anayeishi kule, mtembelee kama unavyomtembelea rafiki, na sukari mkononi. Bila hivyo, mimi siendi.

Niende siku gani, na nani?

Jumamosi asubuhi barabara ina utulivu na vijana wa maigizo wako kwenye majani. Jumapili pamepoa mno. Siku ya kazi ni nzuri kama una barua.

Kuhusu mtu wa kwenda naye, nilikwenda peke yangu na sikujuta, kwa sababu nilisimama mahali muda niliotaka. Mwenzangu wa chumbani angekuwa ameniambia twende baada ya dakika kumi, na ana haki, yeye hakukulia chini ya ile antena. Nenda na aliyeangalia pamoja nawe. Kama yuko mbali, hakikisha salio linatosha.

Utarudi?

Agosti. Barua imeshakwenda, tuko wanafunzi tisa, na jina la kumi kwenye orodha ni la babu. Atapitia Tarakea, ashuke Loitokitok, apande gari la Emali, na mimi nitampokea Nairobi. Pasipoti amepata mwezi uliopita, ya kwanza maishani mwake, akiwa na miaka sabini na sita. Ameipiga pasi ile suruali yake ya kijivu ya Krismasi, bibi anasema imetundikwa nyuma ya mlango na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Jana alinipigia yeye, kwa salio lake, kuniuliza kama yule askari hufanya kazi zamu ya asubuhi au ya jioni.